Siku Nilipomwigiza Mwalimu Molefe

Mwezi uliopita nilitoka kwenye msiba huko Rosettenville, hapa hapa Joburg, kabla chakula hakijapakuliwa, na tangu siku hiyo kuna watu wananisalimia kwa ubaridi. Marehemu alikuwa fundi cherehani, Mtanzania mwenzetu, mtu wa kukupima kiuno huku akikwambia umenenepa. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka chini ya turubai, wenye kulia wanalia, mara akaingia mama mmoja wa upande wa watani wa marehemu. Alijivika shingoni utepe wa kupimia wa marehemu, na miwani ya marehemu ikamshukia puani. Akaanza kutupima mmoja mmoja. "Wewe umenenepa. Na wewe suruali yako nilikwambia Ijumaa, ila sikusema Ijumaa gani." Watu wakavunjika mbavu. Mjane mwenyewe alicheka mpaka akalilalia bega la jirani yake. Mimi nikainuka, nikatafuta viatu vyangu, nikaenda kusimama barabarani mbele ya duka la Mreno.

Wanaodhani nilichukizwa na yule mtani wamekosea. Mama wa watu alifanya kazi yake, na aliifanya vizuri. Mimi nilikimbia kwa sababu niliwahi kuifanya kazi hiyo hiyo mara moja, nikiwa darasa la saba, mwaka ule wa barakoa, na kati ya mambo yote niliyowahi kumtendea mtu, hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote. Naiandikia rika langu habari hii. Wakubwa wetu wakiusimulia mwaka ule husimulia kazi zilizofungwa na jamaa waliozikwa mbali. Yetu sisi, ya uwanjani, hawakuyaona.

Nilikulia Observatory, kwenye mteremko unaotazamana na Yeoville, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama. Bibi ni Mluguru wa Morogoro. Aliolewa huko huko na kijana wa Soweto aliyekuwa mkimbizi wa siasa enzi zile, na wakimbizi waliporuhusiwa kurudi kwao, alifungasha vyombo akamfuata mumewe katika nchi aliyokuwa akiisikia kwenye nyimbo tu. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Mama alikuwa mlinzi wa jengo moja la ofisi Marshalltown, anaondoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo aliyenilea hasa ni Bibi, na Kiswahili hiki ninachoandika ni chake. Nje ya geti nilikuwa mtoto wa Joburg kama wengine, Kiingereza na Kizulu, na "eish" nyingi za mshangao. Ndani ya geti, ukimjibu Bibi kwa Kiingereza, hakusikii mpaka urudie.

Rafiki yangu alikuwa Naledi Molefe. Tulianza pamoja darasa la kwanza na tulikuwa chanda na pete, mpaka walimu walikuwa wakichanganya majina yetu ingawa hatufanani hata kidogo. Baba yake ndiye Mwalimu Molefe, aliyetufundisha michezo na maigizo. Kwenye shule nyingine hayo ni masomo mawili. Kwetu lilikuwa somo moja, maana mwalimu alikuwa mmoja na uwanja ulikuwa mmoja, ule wa netiboli, lami iliyopasuka kando ya ukuta wa nyuma. "Ukishadaka mpira huruhusiwi kutembea," alikuwa akitwambia. "Simama. Tazama. Amua. Na jukwaani ni hivyo hivyo." Ujanani alicheza soka mpaka goti likamharibikia, akabaki anachechemea. Kabla ya kusema lolote alikohoa kidogo kusafisha koo, halafu akapiga makofi mawili. Na aliyezubaa aliulizwa swali lile lile kila siku: "Nani anaota ndoto kwenye uwanja wangu?"

Mimi nilikuwa mwigaji. Wenzangu walijua hesabu. Mimi nilijua namna mwalimu mkuu anavyofungua mlango wa gari na namna mchungaji wetu anavyokunywa maji. Siku moja, tukiwa darasa la sita, nilikuwa namwigiza Mwalimu Molefe nyuma ya vyoo, Naledi anacheka kuliko wote, ameishika miti ya uzio asidondoke. Ghafla wakanyamaza. Nilipogeuka, mwalimu alikuwa nyuma yangu. Nikangoja adhabu. Akasema, "Kikohozi bado. Kinaanzia chini zaidi." Akaenda zake. Wiki iliyofuata alinipa nafasi ya mzee mlinda bomba katika mchezo wa mwisho wa mwaka, nafasi kubwa kuliko zote. Nilimpenda mtu yule. Sikuwa na baba wa kumtaja, na labda nilimpenda mwalimu kupita haki yangu.

Halafu nchi ikafungwa. Tuliporudishwa shuleni, darasa la saba tulitangulia peke yetu, na shule ilikuwa imekuwa kubwa na tupu, inanuka dawa ya mikono kila kona. Walichora duara za rangi ya njano kwenye lami ya netiboli, kila mtoto na duara lake, na ole wako utoe mguu. Mipira ilifungiwa stoo. Mchezo wa mwisho wa mwaka ulifutwa. Kuimba kulikatazwa kabisa, eti mate yanaruka, na hata filimbi ya mwalimu ilipigwa marufuku. Walimu wa michezo wa shule za jirani, tulisikia, walikuwa wanawaketisha watoto wafanye mazoezi ya kuandika. Mwalimu Molefe alikuja akachechemea mpaka katikati ya uwanja, akakohoa ndani ya barakoa, akapiga makofi mawili, akarusha kwa mikono miwili kitu ambacho hakipo. Naledi akakidaka.

Ndivyo tulivyoanza kucheza netiboli bila mpira. Mwanzoni tuliona haya, mtu mzima na watoto thelathini wanarushiana hewa. Baada ya wiki mbili ubishi ulikuwa wa kweli. Naledi, ambaye alikuwa mfungaji, aliweza kuudaka mpira huo karibu na kifundo cha mguu akanigeukia kwa hasira: "Umerusha chini." Na mimi sikukubali, nikajibu kwamba nimerusha kifuani, ameuangusha mwenyewe. Mwalimu alikuwa mwamuzi na alitoa adhabu kwa waliotembea na mpira. "Midomo imefungwa," alisema, "basi macho na mabega yafanye kazi mbili." Akatufundisha kusoma watu juu ya barakoa. Tulicheza mchezo wa kubahatisha: mmoja anaonyesha hofu, au wivu, au kicheko, na wengine wanataja. Mimi sikukosea hata mara moja. Nilivimba kichwa. Niliamini kwamba hakuna mtu katika ile shule ambaye ningemtazama mabega nisijue moyoni mwake mna nini.

Katikati ya baridi ya mwaka ule, kaka yake Bibi alifariki Morogoro kwa presha. Mipaka ilikuwa imefungwa. Bibi alikaa kitandani siku tatu, hakula ila chai, na mimi nilikuwa namchungulia mlangoni nikiogopa kwamba naye atakufa. Siku ya nne jamaa walituma video ya msiba kwenye simu. Nilimshikia Bibi simu karibu na macho. Tuliona ua limejaa watu, halafu tukaona mzee mmoja ametoka ndani amevaa koti na kofia ya marehemu. Alitembea kama marehemu, akawafokea vijana kuhusu mbuzi kama marehemu alivyokuwa akifoka, akalala kwenye kiti chake akakoroma. Wanawake waliokuwa wakilia walianza kucheka. Nami nikasikia sauti ambayo sikuitegemea, Bibi anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamshuka hadi shingoni, akaitazama tena video ile, akacheka tena.

"Nani yule, Bibi?" nikamuuliza.

"Mtani wetu," akasema. "Mtani ndiye anayetufuta machozi. Hebu nipashie ule ugali."

Akala. Hakuongeza neno, nami sikuuliza. Nilikwenda jikoni nikiwa nimepata elimu kubwa, kwa mawazo yangu: kwamba anayempenda marehemu na anayejua kumwiga huvaa nguo yake, akasimama mbele ya wafiwa, wakacheka, wakala.

Haikupita wiki sita duara la Naledi likawa wazi, na kesho yake Mwalimu Molefe naye hakuja. Tulijua, kila mtu alijua siku zile maana ya watu wa nyumba moja kutoonekana. Naledi aliniandikia ujumbe kwamba yeye na mama yake hawajambo, baba amelazwa. Kisha: baba amewekewa mashine. Kisha siku nne hakuandika. Kifo cha mwalimu tulitangaziwa kwa kipaza sauti cha darasani, saa ya hesabu, na mwalimu wa hesabu aliendelea kushika chaki ubaoni bila kuandika kitu. Nilimwandikia Naledi maneno mengi. Alijibu moja tu, kwa Kizulu, kwamba hawezi kula.

Hilo ndilo lililonikaa. Hawezi kula. Niliwaza kwamba dawa ninaijua.

Huku kwetu mtu akifa hufanyiwa ibada ya kumbukumbu siku ya kazi, kabla ya mazishi ya Jumamosi. Watu wa kazini husema, jirani husema, kila mmoja na dakika zake kwenye ratiba. Mazishini waliruhusiwa watu hamsini tu, kwa hiyo shule iliamua ibada ifanyike pale pale kwenye uwanja wa netiboli, viti vimetenganishwa, wengine wote waitazame kwenye simu. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akanipa karatasi. Nilikuwa na sauti safi, alisema, niseme kwa niaba ya darasa la saba. Nilifanya mazoezi ya karatasi ile mbele ya Bibi, naye akasema nimeisoma vizuri. Sikumwambia nina mpango mwingine. Sikumficha, niliona tu kwamba ni jambo analolijua tayari.

Asubuhi ya siku hiyo niliingia stoo ya mipira. Kofia yake ya zamani ya michezo, nyekundu iliyopauka, ilikuwa bado kwenye msumari wake. Nikaitia ndani ya koti la sare.

Siku ilikuwa na jua la baridi. Naledi alikaa kiti cha mbele kati ya mama yake na shangazi yake, mama mnene aliyekuja kutoka Mafikeng. Hatukuwa tumeonana karibu wiki tatu. Alikuwa amekonda, na mikono aliikunja mapajani kama anayengoja kwa daktari. Kwaya haikuruhusiwa kuimba, basi waliutoa wimbo kwa pua, midomo imefumbwa nyuma ya barakoa, na sauti ile ilisikika kama inatoka nyumba ya jirani. Mwalimu mkuu akasema. Jirani akasema. Nikaitwa.

Nilisimama kwenye kipaza sauti. Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni, nikavaa kofia, nikarudi nyuma hatua kumi na kuanza upya, nachechemea. Nilipofika nikaishusha barakoa kidevuni, kama alivyokuwa akifanya akitaka kutufokea. Nikakohoa, kikohozi kinachoanzia chini kabisa. Nikapiga makofi mawili. Nikasema kwa sauti yake, "Nani anaota ndoto kwenye uwanja wangu?"

Wenzangu wa safu ya kwanza walicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, kimewatoka bila kuombwa, na mimi nikajisikia nimesimama mahali pangu duniani. Nikamtazama Naledi. Macho yalikuwa yamejikunja, mabega yanatikisika. Anacheka, nikajiambia. Amecheka, leo atakula. Wale waliocheka walikuwa wameshanyamaza lakini mimi sikuwasikia wakinyamaza, nilikuwa nasoma mabega tu. Nikaongeza. Nikakohoa tena, kwa nguvu zaidi, nikainama nikijishika kifua, na mabega ya Naledi yakazidi kutikisika, nami nikazidi kukohoa. Mbele ya mjane wa mtu aliyekufa kwa kukosa pumzi, nilikohoa kwenye kipaza sauti mara tatu.

Aliyenisimamisha ni shangazi. Alikuja taratibu, hakunipiga, hakunigombeza. Aliivua ile kofia kichwani mwangu kwa vidole viwili, akauliza, kwa sauti ambayo kipaza sauti kiliipeleka kwenye simu zote, "Ni nani aliyemtuma mtoto huyu?" Nyuma nikasikia mtu mzima, sikumjua nani, akisema, "Si yule wa kwa wageni?" Nimezaliwa hospitali ya mji huu huu. Babu yangu alizaliwa Soweto. Miaka saba nilikuwa nimekaa katika shule ile bila kuitwa mgeni, na siku hiyo niliitwa, na kibaya zaidi ni kwamba sikuwa na la kujitetea.

Mwalimu mkuu alinishika bega akanitoa. Tulipita karibu na Naledi. Barakoa yake ilikuwa ya kitambaa cha bluu, na kuanzia puani kwenda chini ilikuwa imelowa chapachapa. Hapo ndipo nilipojua mabega yalikuwa yanafanya nini.

Kabla sijafika nyumbani, video ilikuwa imefika. Mama alipigiwa simu kazini, akarudi mapema, akaniambia niandike barua ya kuomba radhi, karatasi mbili, kwa Kiingereza kizuri. Bibi alikuwa amekaa mezani na simu mbele yake. Aliitazama mpaka mwisho. Sijawahi kuogopa uso wa mtu kama nilivyouogopa uso ule.

"Nani kakwambia wewe mtani wa Molefe?"

"Niliona kwenye simu, Bibi. Ulicheka. Ulisema anatufuta machozi."

"Nilisema mtani wetu. Utani si wa kila mtu anayejua kuiga. Ni ukoo na ukoo, umerithiwa, haukuanza jana. Yule mzee uliyemwona, kabla hajavaa koti la kaka yangu, nani kamwosha marehemu? Kamwosha yeye. Kaburi kachimba yeye na watoto wake. Anayechimba kaburi ndiye mwenye ruhusa ya kucheka." Akanisukumia simu. "Wewe umechimba nini?"

Nilisema nilitaka Naledi ale. Bibi alifumba macho, na nilivyomjua, hasira ilikuwa imeanza kumgeukia mwenyewe.

"Nilikunyima nusu ya maneno," akasema. "Nilikuwa na njaa."

Mama akasema tena habari ya barua. Bibi akamjibu, "Barua haina mikono." Kesho yake, Ijumaa, alinivalisha sketi ya zamani, akajifunga kanga mbili, tukavaa barakoa tukapanda kilima hadi kwa Molefe. Hatukuingia. Tulisimama nje ya geti, na Bibi akabisha kwa sarafu kwenye chuma kama watu wa huku wanavyobisha.

Shangazi alitoka kwanza. Bibi alizungumza naye Kisotho alichofundishwa na babu, Kisotho chenye lafudhi ya Uluguru. Alisema mjukuu wake amechukua kicheko kisichokuwa chake, na kwamba kwao mwenye kucheka msibani hutumikia msiba. "Hatukuja kusamehewa," alisema. "Tupeni kazi." Shangazi akasema kazi zipo lakini mikono ya kuzifanya ipo pia, asante, na kwamba kwao mtoto akisema kwa sauti ya maiti huwa ana aliyemtuma. Bibi akasema aliyemtuma ni yeye mwenyewe, kwa kutojua, na ndiye huyo amesimama hapo. Ndipo Mama Naledi akatokea mlangoni, amejifunika blanketi kama wajane wanavyokaa.

Hakuja karibu. Akasema kutoka pale pale, "Mama, mimi nimelala wiki mbili bila kuisikia sauti ya mume wangu, simu haikuruhusiwa kwenye mashine. Halafu naisikia kwa mtoto wa watu. Sijui nimpige au nimwambie aendelee. Mwondoeni tu mbele ya macho yangu."

"Tutakaa mgongo," Bibi akamjibu.

Na ndivyo tulivyofanya. Shangazi alituletea nje magunia ya karoti na viazi sukari vyekundu vya saladi, visu viwili na beseni, maana Jumamosi ilikuwa kesho na watu hamsini ni watu hamsini. Tukaketi kwenye ukingo wa barabara, tumelipa geti mgongo, tukamenya kuanzia saa nne mpaka jua lilipoanza kushuka nyuma ya nyumba za Yeoville. Watu walipita wakatutazama. Wawili watatu walinitambua, nikaona wanatoa simu. Bibi hakusema nami hata neno, ila mara moja alinichukua mkono akanionyesha namna ya kumenya kisu kisile nusu ya karoti. Vidole vyangu vilikuwa vyekundu siku nne. Jioni shangazi alikuja kuchukua beseni. Alisema asante kwa Bibi. Mimi hakunitazama.

Siku zilizobaki za darasa la saba nilizipitia kwa kuinamisha kichwa. Naledi alirudi baada ya mazishi, nywele zimenyolewa kama desturi yao, na alikaa dawati la mbele huku mimi nikikaa la nyuma. Hakunichukia kwa maneno. Hakunisemesha kabisa. Mwalimu mpya wa michezo alikuwa kijana mpole aliyetugawia karatasi zenye picha za misuli, tukazijaza majina, kila mmoja kwenye duara lake. Mvua zilianza na rangi ya njano ikaanza kubanduka. Wenzangu waliniomba mara mbili tatu niige mtu, yeyote tu, niwachekeshe. Nilikuwa nimesahau namna, au nilijisahaulisha. Usiku niliomba Mungu jambo moja tu, Naledi aseme nami, hata kwa kunitukana.

Wiki ya mwisho tulisikia wanahama. Mama yake alikuwa ameamua kurudi Mafikeng kwa dada wa marehemu, na Naledi angeanza sekondari huko. Hakukuwa na sherehe ya kutuaga mwaka ule. Tuliitwa watano watano kuchukua ripoti getini, kila mtu na mzazi wake au na miguu yake mwenyewe. Nilichukua yangu, nikateremka. Kwenye ukuta mfupi wa kona, Naledi alikuwa ameketi peke yake, ripoti yake ameikalia.

Nilitaka kuvuka ng'ambo, nimpishe. Akasema, bila kunyanyuka, "Ulikosea mguu."

Nikasimama.

"Siku ile. Ulichechemea kwa mguu wa kulia. Goti bovu lilikuwa la kushoto."

Nilifungua mdomo kusema hapana, maana kwa miaka miwili nilikuwa nimemsoma yule mtu kuliko nilivyosoma kitabu chochote. Kisha nikaelewa. Mwalimu Molefe alikuwa akisimama mbele yetu, ametugeukia, na mimi nilimfuata kama mtu anavyofuata kioo. Naledi hakuwa mbele yake. Kila asubuhi na kila mchana, miaka yote ya shule, alitembea ubavuni kwake, upande wa goti lile, akiteremka na kupanda kilima hiki.

"Nimeitazama ile video mara nyingi," akasema. "Mama haijui. Kikohozi ndicho chenyewe kabisa. Nikifika kwenye mguu naudhika."

Nikasema, "Samahani, Naledi." Lilikuwa neno dogo mno na nililiona hivyo hivyo.

Aliruka chini kutoka ukutani, akaitia ripoti mkobani. "Tazama," akasema, akatangulia kuteremka. Alitembea hatua chache kama yeye, halafu bega lake la kushoto likashuka kidogo, na mbele yangu barabarani, kwa sketi ya sare na kichwa kilichonyolewa, alikuwa anatembea Mwalimu Molefe. Nikamfuata kwa umbali ule tuliofundishwa, mita mbili. Nikajaribu.

"Usiuburute," akasema bila kugeuka. Alikuwa anasikiliza viatu vyangu. "Hakuuburuta hata siku moja. Aliuweka chini kama mtu asiyeuamini. Tena."

Nikarudia. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza mahindi alituangalia wote wawili tukipita, akatikisa kichwa. Naledi hakujali. Mabega yake yalikuwa yanatikisika tena, na sikujaribu kuyasoma. Tuliteremka hivyo mpaka chini kwenye roboti, zile taa za barabarani ambapo yeye hukata kulia na mimi kushoto. Taa ikawa ya kijani, magari yakasimama kutungojea. Hakuvuka. Aligeuka akakitazama kilima tulikotoka, akaniashiria nimfuate, maana kupanda, alisema, baba yake alikuwa na namna nyingine.